Kwa Mwende, Juu ya Njiwa wa Al-Nuzha

Mwende mwanangu,

Nina miaka sitini na sita, pasi ya kusafiria iseme itakavyo. Nimezika kaka zangu wote, nimevuka ukame uliomaliza ng'ombe wa baba, na makafili wawili, waajiri wangu wa Kiarabu, walioniambia nimezeeka wamenitangulia kaburini. Nyuki hawajaniweza. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, halafu Musyoka, yule dereva wetu wa Jeddah ambaye sasa yuko huku Riyadh, ataisoma barua hii kwa sauti, airekodi kwa simu awarushie Wakenya wote. Labda mmoja yuko nyumba moja na wewe. Akikwama kusoma usicheke, ni herufi zangu zilizopinda.

Unaikumbuka nyumba ya njiwa kule Al-Nuzha, Jeddah, nyuma ya jikoni ulikofanya kazi, mimi nikilinda geti? Ile ya mbao, juu ya mlingoti, vidirisha kila upande. Njiwa walikuwa wa Bibi, mama yake madam mwajiri wetu, aliyekuwa mgonjwa wa miguu na kutwa alikaa dirishani akiwatazama. Paka wakapanda wakala makinda. Kunguru wakaiba mayai. Halafu wale ndege wa kahawia wenye midomo ya njano, maina, wakaingia vidirishani, wakatupa mayai chini na kujaza majani yao makavu. Madam akasema uzembe ni wako, na njiwa wakipotea tena utapelekwa Riyadh kwa kaka yake. Msichana aliyekutangulia alipelekwa huko. Alipiga simu mara moja akilia, kisha kimya. Toka siku hiyo ulifua nguo huku unatazama juu.

Nikakuambia niachie mimi. Kwetu Kitui mti wenye mzinga tunauvisha bati, nyegere akipanda makucha yanateleza. Nikapasua madebe ya samli, nikauzungushia mlingoti. Musyoka akanicheka.

"Mzee, nyegere wa Saudia atatoka wapi? Ana ikama ya kuishi huku?"

Paka wa kwanza akaruka, akateleza, akaanguka kwa matako, nawe ukaziba mdomo kwa aproni usisikike ndani. Kunguru tukawafungia nyuzi za kuvulia samaki juu ya paa, wakaogopa kutua. Maina ndio walikuwa wakaidi kama mimi. Kila asubuhi ulipanda ngazi ukatoa majani yao, jioni wameyarudisha. Mwisho wakachoka wao. Bibi akakutilia tende mkononi, mbele ya madam.

Lakini lilikuwepo tawi la mwarobaini juu ya ile nyumba. Mzinga hautundikwi karibu na tawi la mti mwingine, kwetu hata mtoto analijua hilo. Nilimwambia madam tulikate. Akasema mafi, hakuna kukata, hicho ni kivuli cha gari lake. Nikarudi kumwambia, nikarudi tena, mpaka akanifungia mlango.

Siku ile ulipanda ngazi kama kawaida, ukaingiza mkono, ukaganda. Ukasema polepole bila kugeuka, "Mzee, humu kuna kitu kinapumua."

Alikuwa paka. Aliruka kutoka tawini, akaua waliokuwa wanalalia mayai, wengine wakaruka wasirudi tena. Kushuka akashindwa kwa sababu ya bati, akajikunja pale juu ya manyoya. Nilikushika miguu usianguke. Paka akakupita begani, akashuka kwa ngazi yetu.

Nilimwambia madam bati ni langu na halikukosea, tawi ni lake. Akasema halas, yamekwisha. Kesho yake ukatiwa garini na mfuko mmoja. Ulishusha kioo ukaniambia, "Mzee, usiwaache maina warudi." Hukulia. Hilo linanitisha mpaka leo.

Mkataba ulipoisha sikurudi nyumbani. Nikatafuta kazi huku Riyadh, nalinda ghala. Kila Ijumaa nasimama Batha, pale Wakenya wanapotuma pesa, nauliza msichana mrefu wa Kitui mwenye kovu kidevuni. Juzi mama mmoja wa Machakos akaniambia hospitalini kuna msichana wa Kikamba, ameachwa huko bila karatasi, haongei na mtu. Kovu hakuliangalia.

Sijaenda. Mimi, niliyekuwa naingiza mkono mzingani bila moshi, nimefika geti la ile hospitali nikageuka. Nikamwambia Musyoka miguu inauma. Miguu haina neno. Nisipoingia, bado unaweza kuwa popote, umenenepa, unabishana na mtu jikoni juu ya chumvi. Nikiingia, nitajua.

Kesho Musyoka ananipeleka, na nimemwambia nikigeuka anisukume. Ukiwa ni wewe, usijilazimishe kusema, nitakaa tu hapo. Asipokuwa wewe, nitakaa naye vilevile, maana hata yeye kuna mtu anamtafuta.

Na kama unaisikia barua hii mahali pengine, mtumie Musyoka neno lolote, hata tusi. Lala salama popote ulipo, mwanangu.

Mzee wako wa getini.

Anayebisha haya amuulize Musyoka, aliyenishikia ngazi nikipigilia lile bati. Au amuulize Bibi, kama bado yuko dirishani, maana siku ulipoondolewa alikataa chakula.