Matofali ya Bondeni Hatuyajengei

Puge,
S.L.P. 27,
Nzega.
18 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Wilbroad,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujaanza kusoma. Habari za Mtwara? Kifua kimepona? Sisi hatujambo. Mama anatembea tena. Jumapili alifika kanisani kwa miguu yake.

Nakuandikia juu ya matofali ya nyumba yako. Hatutayajengea. Usishtuke, soma kwanza.

Unajua udongo tuliuchimba bondeni, chini ya lundo la marudio, ule mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa. Mwezi uliopita walikuja wapimaji wa mionzi. Mmoja wao, dada anayeitwa Recheli, alisogeza kifaa chake kwenye tanuri letu, kikaanza kulia. Akanieleza kwamba mvua huosha urani, madini yenye mionzi, kutoka kwenye lundo. Mchanga huiacha ipite, lakini udongo wa mfinyanzi huing'ang'ania, na hata kuuchoma hakuitoi.

Nikamuuliza, "Na kisima chetu?" Maana mama anakunywa maji yale. Wakayapima, yako salama. Udongo ule ule uliotuharibia matofali ndio uliokilinda kisima. Hata hivyo watakuwa wanakuja kupima kila mwaka, nami nitawafuatilia.

Fundi Masanja akaniambia, "Dada Advera, tuyauze Nzega mjini. Nani atajua?"

Nikamjibu, "Nitajua mimi. Kuna mtoto wa mtu atalala ndani ya kuta hizo."

Akanuna, akaondoka. Nami nililia, sikufichi, nikikumbuka tulivyochoka kuyafyatua. Kisha nikalizungushia tanuri miiba mtu asiyaguse matofali, mpaka lori la wapimaji lilipokuja wiki jana kuyachukua wakayafukie.

Sasa tumeanza upya kule juu, shambani kwa shangazi Kabula. Recheli aliupima udongo wake, ni safi. Ila una kokoto nyingi, mikono imechubuka, na matofali mengine yanapasuka kabla hayajakauka. Tunayarudia. Jana Masanja alitokea na kalibu yake ya kufyatulia matofali begani, hakuitwa na mtu. Alikunja suruali akaingia kwenye tope.

Nyumba haitawahi Krismasi. Njoo tu na mchumba wako, mtalala kwangu. Mkihamia kwenu, muegemee ukuta bila woga.

Mama anakusalimu sana, na shemeji yako Tobias, na shangazi. Mungu akufunike popote uendapo.

Dada yako akupendaye,
Advera