Jicho la Kushoto la Mama

Rau, Moshi

Mpendwa Dada Salome,

Shikamoo. Mgongo wa baba unaendeleaje? Na huko Mbinga kahawa imeanza kuiva? Mimi ni mzima. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu ya nyumbani anaishika baba, na hili sijamwambia mtu mwingine: sura ya mama ilikuwa imeanza kunitoka. Nikifumba macho nilikuwa naona tu ile picha iliyobebwa siku ya mazishi, aliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho, amekaza midomo.

Jumamosi Mama Mdogo huniruhusu niache cherehani niende darasa la kuchora kwenye ukumbi wa usharika. Huko tunachora sura ya mtu, kisha tunaikata vipande na kuvipanga upya. Natamani ungemwona mwenzangu mmoja, Aikande wa Kibosho. Alimchora bibi yake kwa mkaa, akaukata uso vipande virefu, kila kimoja akakishusha chini kidogo ya kilicho jirani yake. Uso ukawa unateremka kama shamba la kwao, na makunyanzi yakawa mifereji inayopeleka maji kwenye migomba. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaanza kufagia. Sijawahi kuona mtu akiharibu kitu kikawa kizuri namna ile.

Nikamuuliza polepole, "Hukuogopa kumkata bibi yako?"

"Nilimwomba ruhusa. Akasema kata, ila masikio uyaache, nisikose taarifa ya habari."

Mimi sikuwa na wa kumwomba ruhusa. Nilimchora mama kutoka kwenye ile picha, akatoka amekaza midomo vilevile. Alhamisi, Mama Mdogo alipokwenda kununua vifungo, nikachukua mkasi uliokuwa mezani nikamkata. Nikapandisha pembe ya mdomo, nikatenganisha nyusi. Akaanza kufanana na mtu, lakini si yeye.

Sikumsikia Mama Mdogo akiingia.

"We Tumaini, huo si mkasi wangu wa kitambaa? Unakatia karatasi? Sare za kwaya nitazikatia nini, meno?"

Akasogea aninyang'anye, ndipo akaona kilichokuwa mezani. Akaketi. Akaweka kidole chenye chaki juu ya jicho la kushoto, akalisukuma chini kidogo tu.

"Dada alikuwa anaanza kucheka na hili," akasema. "La kulia lilikuwa linachelewa."

Salome, alikuwa mama mwenyewe. Yule aliyekuwa akitukatalia sukari huku kicheko kinamponyoka. Tukamtazama sote wawili mpaka mteja akapiga hodi.

"Gundi iko wapi?" Mama Mdogo akauliza. "Mbandike kabla upepo haujamchukua. Na mkasi kesho unaupeleka kunolewa wewe."

Niliupeleka. Aikande alipoiona ile picha alinipa kipande cha mkaa wake mzuri.

Nisalimie bibi mzaa baba, na mjomba fundi baiskeli, mwambie dada yake, Mama Mdogo, anauliza mbona kimya. Picha nitakuja nayo Krismasi. Baba akiiona atasema kumbe Tumaini alimshika mama vizuri kichwani. Mwache aseme. Kwamba nilikuwa nimeanza kumsahau, na kwamba jicho lile sikulikumbuka mimi, tafadhali dada, hayo yaishie kwako.

Mdogo wako akupendaye,
Tumaini