Jovina, Uliyekataa Kahawa Yako Iuzwe Ingali Maua

Mwaka umetimia, dada Jovina, tangu shemeji yako Anastazi akukate kwa panga mbele ya vichanja vyako vya kuanikia kahawa, hapo kwako Nyamahanga, saa tatu asubuhi, jua likiwaka. Ndugu walitaka niandike katika tangazo hili kwamba "ulitutoka ghafla". Mimi mdogo wako Teddy nimekataa. Hukututoka. Uliuawa.

Nianze na mazuri yako, maana yalikuwa mengi. Ulikuwa na mdomo wewe! Ukimkuta mtu ameanika kahawa chini kwenye vumbi, kuku wanapita juu yake, ulimsalimia kwanza vizuri, na shikamoo kama ni mkubwa wako, halafu ukamuuliza, "Hiyo utainywa mwenyewe?" Watu walikuwa wakikuona kwa mbali wanaanza kufukuza kuku. Binti yako Scolastica akichuma punje ya kijani, ulimwekea kiganjani. "Hii ulikuwa unaipeleka wapi, mama?" Lakini mwenzako akiugua, ulimchumia shamba lake kabla ya lako, ukamwanikia kahawa mpaka ikakauka, na gunia ukaliandika jina lake.

Jina ndilo lilikuwa furaha yako. Tangu kikundi chenu cha akina mama kianze kuuza kahawa ya daraja la juu, kila gunia lina kadi yake: jina la mama aliyelima, shamba lake, siku aliyochuma. Mtu akiinywa nyumbani kwake, nchi yoyote ile, anaweza kuifuata nyuma mpaka kwenye mti. Siku ulipopewa kadi ya kwanza ulinipigia simu kule Rulenge ninakoishi, ukicheka kama msichana. "Teddy, mwenzako najulikana!" Miaka ishirini ulikuwa ukilima kahawa inayouzwa kwa jina la mume wako, marehemu Novatus.

Huku kwetu mwanamume akibanwa na shida huuza kahawa ikiwa bado maua mtini. Tunaita butura. Mnunuzi anatoa kidogo leo, mavuno yakifika anakomba shamba zima. Anastazi, mdogo wake Novatus, aliiuza yako hivyo kwa mlanguzi mmoja, Kazimili, bila kukuuliza, akapewa pikipiki kuukuu. Alidai shamba ni la kaka yake na mwanamke harithi. Ukamwambia mbele ya watu, "Shemeji, wewe uliuza maua. Kamchumie maua yake." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Asubuhi ile alikuja na panga na magunia matupu. Alianza kukwanyua matawi, mbivu na mbichi pamoja, ukamfokea. Akayaacha akahamia kwenye vichanja, akataka kuikumba kahawa iliyokwisha kukauka. Ukakishika kichanja kwa mikono miwili. Akakukata mkono, hukuachia. Akakukata bega. Akakukata shingo. Kichanja kilianguka nawe, wavu ukakufunika, na kahawa ikalowa damu. Nilipofika kutoka Rulenge wenzako walikuwa wakizoa punje zile kwa mikono na kuzifukia nyuma ya nyumba, mmoja akirusha mawe kufukuza mbwa. Bado nawasikia mbwa wale.

Aliyeona ni mmoja tu, mama mkwe wako, Mama Domisiana, aliyewazaa Novatus na Anastazi. Alikuwa mlangoni pa jiko anapukuchua maharage. Anastazi alipokamatwa aliwaambia polisi ni wezi wa kahawa. Wazee wa ukoo wakamwendea mama yake mara tatu. "Sema hukuona, macho yako ni ya kizee. Jovina aliolewa tu hapa. Anastazi ni damu yako." Bila yeye kesi isingesimama, na yeye akanyamaza, miezi kumi na moja. Nisamehe, dada, nilimchukia. Nilipita mlangoni pake bila kumwamkia, mimi uliyenilea wewe.

Akina mama walimalizia kuanika kahawa yako iliyosalia, ikaondoka kwa jina lako. Mwezi uliopita pakiti moja ilirudi kutoka kwa wanunuzi, imeshakaangwa na kusagwa, juu yake imeandikwa Jovina, Nyamahanga. Scolastica aliichemsha kwa bibi yake, Mama Domisiana, asubuhi ya siku aliyoitwa mahakamani kutoa ushahidi. Bibi amelima kahawa tangu utotoni, lakini alizoea kutafuna punje tu, hakuwahi kuinywa. Alionja akakunja uso. "Kumbe chungu namna hii!" Akaimaliza. Akaomba kikombe cha pili, akakishika muda mrefu mpaka kikapoa, akakinywa hivyo hivyo. Kisha akajifunga kitenge. "Twendeni."

Hatukujua atasema nini. Mimi nilikuwa nimeapa kwamba akimtetea mwanawe nitamrukia humo humo mahakamani, wanifunge na mimi.

Aliulizwa kama anamfahamu mshitakiwa.

"Nimemzaa."

Aliulizwa aliona nini.

"Nilimwona akimkata mkamwana wangu mara tatu. Baada ya mara ya pili nilimwita jina. Akageuka, akaniona. Akarudi akammalizia."

Anastazi akapiga kelele kizimbani, mishipa imemsimama shingoni. "Mama! Mama, unaniua!"

Mama Domisiana alimtazama, fimbo ikamponyoka. "Na Jovina aliniita mama hivyo hivyo. Alinyoosha ule mkono aliobaki nao. Sikufika."

Anastazi ametiwa hatiani, dada. Ulitaka ujulikane, basi ujue na aliyekuua amejulikana.

Ukoo umemfukuza mama yule, wakamtupia vyombo vyake barabarani, sufuria moja wakaipiga teke mbele yangu. Nilimrukia aliyepiga teke, alama ninayo hadi leo na yeye anayo yake. Siku hiyo ndipo nilipompigia mama magoti nikasema shikamoo. Akasema, "Marahaba, mwanangu," akaniinua. Sasa anaishi kwako na watoto. Msimu huu kahawa yako anaigeuza yeye kwenye vichanja, na Kazimili akipita njia ile anazima pikipiki na kuisukuma asisikike, kwa jinsi mama anavyomtukana.

Unakumbukwa na watoto wako Scolastica na Anold, na mdogo wako Teddy, na akina mama wote wa kikundi chako cha Nyamahanga. Unakumbukwa na Mama Domisiana. Nilipomsomea tangazo hili kabla halijaenda kuchapwa gazetini, alinisimamisha hapa. Ameagiza nisiandike "mama mkwe". Niandike mama yako.

Nimeandika hivyo. Hatutakusahau, Jovina, maadamu tuko hai.