Kwani Mlikosa Nini?

Kikwe, Jumanne

Bado nacheka, ingawa mchana nilikuwa na hasira. Kwenye mkutano wa kijiji, meneja wa shamba jipya la maua alitutangazia kwamba kampuni yake imepewa msamaha wa kodi kwa sababu inaleta ajira. Bibi Elirehema, mzee wetu wa kanisa, akanyoosha mkono.

“Msamaha? Kwani mlikosa nini?”

Tulivunjika mbavu. Halafu nikasimama mimi. Nauza mboga, ushuru nalipa kila siku ya gulio, na sijawahi kusamehewa.

“Usharikani kwetu aliyesamehewa huonekana kwa matendo,” nikamwambia meneja. “Mboga za jiko la wafanyakazi wenu nunueni hapa.”

“Tutaangalia, mama.”

“Hapana, baba. Iandikwe.”

Nikamsimamia mtendaji wa kijiji mpaka akaandika.

Naogopa kitu kimoja. Msamaha ukiisha wanaweza kuhama, kama wale wa kampuni ya kwanza iliyokuja hapa, na vijana wetu... Lakini leo imeandikwa.

Bibi hakujibiwa swali lake. Siku nitakapoona lori la kabichi kutoka mjini likiingia getini kwa kampuni, nitakwenda mwenyewe kumwambia Bibi walichokosa.