Posa ya Tatu

Mwembesongo,
Morogoro.
17 Machi, 1996

Mpendwa Mjomba Athanas,

Shikamoo Mjomba, shikamoo tena, na nyingine mfikishie mkaza mjomba Magreth. Hali za huko Mgeta? Kifua kimetulia na baridi hiyo ya mlimani? Kabichi zinateremka sokoni au barabara bado ni matope? Huku mimi na Kristina wangu tu wazima, tena mimi nimezidi uzima, maana tangu Jumatano sishikiki. Barua hii nimeianza mara nne. Kila mara nakuta nimetanguliza habari kabla ya salamu, nakumbuka utakavyonikaripia kiualimu, naichana.

Haya, salamu zimekwisha. Mjomba, nimetoa kitabu! Kitabu kizima, chenye jalada, kurasa mia na arobaini na mbili, na jina langu juu, Eufrazia, herufi nene hizo! Nimelala nacho chini ya mto siku nne, na Kristina ananicheka.

Unajua nilivyokuwa. Kiwanda kilipotupunguza, mimi ofisini na Petro kwenye mitambo, tulisema tutapata namna. Kisha akaugua, akaniacha mjane Aprili iliyopita, nikaona na mimi nimekwisha. Miezi mitatu taipureta yangu ilikaa chini ya kitanda. Ukaniandikia nirudi nyumbani nipewe shamba la mama. Nilishukuru, sikuja, na wewe kwa wema wako hukuniuliza sababu. Sababu ni kwamba nilikuwa nimeanza kuandika. Mchana nawapigia watu maombi ya kazi na mikataba ya nyumba pale kibarazani kwa Mehboob, muuza madaftari. Wateja wakipungua, napiga yangu.

Binti yake, Rashida, ndiye aliyeyaanzisha. Siku hiyo nilitoka kidogo nikaacha karatasi zangu mezani. Narudi, watu wamejaa wanagonga kaunta, yeye kainamia karatasi, machozi yanamchuruzika. Nikamfokea. Akaniambia ninyamaze kwanza amalize. Mehboob akaja juu, biashara gani hii, akamnyang'anya zile karatasi aone ni upuuzi gani. Wallahi naye akazama humo humo! Ana binamu Dar mwenye mtambo wa kuchapa kadi za harusi na kalenda, na siku hizi si kama zamani, magazeti yanaota kila wiki na kila mwenye mtambo anatafuta cha kuchapa; basi akampelekea changu. Jumatano mabunda yakateremshwa dukani. Nililia, nikacheka, nikanusa wino mpaka nikapiga chafya. Wasichana wa sekondari ya Kilakala wameshaanza kuazimana, na dereva mmoja wa lori amenijia kuniambia alisimama Mikese anywe chai, akafungua kitabu, chai ikapoa na tanboi wake akaanza kununa. Niache niringe, Mjomba, nimekaa sana kimya.

Sasa nimefika penye ugumu. Kaa kitako.

Umeniandikia kwamba siku ya misa ya mwaka utazitoa barua zote za Petro ulizozihifadhi, uzisome mbele ya koo zote mbili, kisha umkabidhi Kristina ziwe urithi wake kutoka kwa baba yake. Niliposoma hayo nilijua lazima niseme. Tena kitabu changu kinaanza na barua ya posa, nawe ukifungua tu utaitambua, kwa sababu umeikariri. Bora uyasikie kwangu kabla hujayakuta huko.

Posa ya kwanza ya Petro uliirudisha ikiwa na wino mwekundu kama daftari la darasa la tano: hajausalimu ukoo. Ya pili ukairudisha vilevile: ametaja mshahara kabla ya kutaja wazazi wake. Maskini Petro, mtu wa spana, akasema afadhali abebe gunia la saruji kwa miguu hadi Mgeta kuliko kushika kalamu tena. Ile ya tatu, iliyopigwa chapa, uliyoisifu hadi nje ya kanisa kwamba kijana huyu amelelewa, niliiandika mimi. Mjomba, nilijiposa mwenyewe! Kwako wewe, mwenye neno juu yangu. Yeye alitia sahihi tu, jasho likimtoka.

Na zote zilizofuata, miaka kumi na mitatu, za pole, za Noeli, za kukuomba ushauri, ni zangu. Yeye alikuwa ananiambia analolitaka, mimi nakaa kwenye mashine. Ndiyo maana siku ya matanga, mtani wake Angelina alipovaa ovaroli la marehemu kumwigiza, akageuza kalamu juu chini na kujikuna kichwa, watu walivunjika mbavu. Wewe peke yako ulisimama ukasema mtani amekosea, marehemu alikuwa bingwa wa kalamu. Nilitamani nipotee.

Nimekudanganya, na aibu ninayo. Lakini kuolewa na Petro sijuti, na kuandika nimejifunzia kwako, nikiogopa ule wino wako mwekundu. Ukisema shamba la mama nisilikanyage, nitatii. Ila nakuomba, mbele ya watu wale, usizisome barua zangu kwa jina lake.

Umesema ipo moja ambayo hutaisoma, ile ya mwisho, ya penseli, mistari mitatu iliyopinda na maneno yamerukwa, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umemharibu. Mjomba, ugonjwa haukumharibu. Huo ndio mwandiko wake. Aliiandika wodini, akampa rafiki yake Abasi aipeleke posta, na mimi sikujua habari zake mpaka uliponitajia. Zile nyingine zote nazijua neno kwa neno. Hiyo ya Petro sijawahi kuisoma.

Nitapanda huko Ijumaa inayotangulia misa, kabla watu hawajafika. Hata ukiwa umeninunia, nifungulie mlango, unisomee hiyo.

Kristina anakuamkia. Msalimie mkaza mjomba na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi mpwa wako, mkosaji mwenye furaha,
Eufrazia