Funguo mbili za motokari moja

Neema wa babu,

Hapa Kilibula tuko wazima, ila mgongo unamsumbua bibi yako.

Unauliza kwa nini motokari yangu ya zamani iko na funguo mbili. Mto Mulongwe ulipofurika, ufunguo wa kwanza ulipotea. Nikamshitaki mdogo wangu Bahati mbele ya jamaa yote.

“Yaya, mkubwa wangu, minye sikuugusa,” alisema, akahamia Sange.

Fundi alinichongea mwingine kwa tupa, akiupaka masizi yamuonyeshe panapokwama, na kuujaribu mpaka ukafungua.

Majira ya kupanda nikafungua mfuko wa mbegu ya mpunga, tulioupandisha darini maji yakija. Ufunguo ulikuwa mle. Niliuficha mwenyewe, nikasahau.

Mara tatu nimefika Sange kumuomba Bahati msamaha. Mara tatu nimenunua mchele sokoni, nikarudi bila kufika kwake.