Amana ya Lyle

Tamarack Fork, Idaho
14 Februari 2022

Dada Ardith,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea niambie goti lako linaendeleaje. Mimi sijambo. Theluji imefika madirishani na barabara imefungwa, lakini kama kuna binadamu aliyetulia katika jimbo hili basi ni mimi: kuni zimo ndani, maharage yapo, kahawa ipo. Simu bado sina na bado siitaki.

Umeniuliza kwa kejeli mjane wa umri wako anunue bastola gani, kwa kuwa jirani yako kavunjiwa nyumba. Nakujibu bila kejeli: usinunue. Bastola si kufuli, kwamba utaifunga mlangoni uisahau. Wanaume wazima wanabishana kuhusu ukubwa wa risasi kama mashabiki wa mpira, tisa milimita au arobaini na tano, na ukiwapeleka uwanja wa shabaha hawapigi hata ukuta. Asiyefanya mazoezi kanunua chuma cha kumwangukia mguuni. Wewe nunua taa ya nje na mbwa mwenye kelele.

Na maandalizi ya majanga siyo yale ya kwenye televisheni, barakoa za gesi na kofia za jeshi. Janga ni umeme kukatika wakati jino linauma. Weka maji, weka akiba ya dawa zako za presha, mjue jirani yako kwa jina. Habari za dunia punguza. Wauza hofu wana maduka mawili, moja mkono wa kushoto na moja wa kulia, na mwenye jengo ni mmoja.

Sasa mdogo wetu. Lyle alikuja kabla barabara haijafungwa. Tangu mkewe Corinne amwache na kiwanda cha mbao kifungwe, amekonda. Aliweka sanduku mezani, bastola zake zote mbili zimo. Akasema, "Nishikie hizi mpaka nitakapozitaka." Nikasema sawa. Tukanywa kahawa, tukaongea habari za theluji, akaondoka. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya, umekulia hapa unajua. Mtu akiona kichwa chake kimefika mahali pabaya, hupeleka silaha zake kwa mwenzake. Haulizwi kwa nini. Siku akizitaka hurudishiwa, na siku hiyo pia haulizwi. Zimo katika kabati langu la chuma.

Mdogo wako,
Hollis

*

Salina, Kansas
26 Februari 2022

Hollis mdogo wangu,

Goti lina nafuu. Asante kwa ushauri wa mbwa. Nimefurahi kusikia kwamba umeshiba na una joto. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ile habari ya Lyle umeitia mwishoni, baada ya jino na televisheni, kama mtu anayetaja bei ya mayai.

Hivi unajua ulichoniandikia? Umeniandikia kwamba mdogo wetu anaogopa kujiua, na wewe ukammiminia kahawa mkaongea habari za theluji.

Sikatai kwamba desturi yenu ni nzuri. Kwa mara ya kwanza nimeona jambo la bunduki lenye akili ndani yake, na nimebishana nawe tangu tukiwa shule. Lakini nusu yake ya pili ni wazimu. Mtu anakuletea sumu kwa sababu anaogopa ataimeza, halafu siku anapoitaka unampa, na unaona fahari kwamba hukuuliza?

Niahidi kwamba hutamrudishia. Sitaki hoja, nataka ahadi.

Dada yako,
Ardith

*

Tamarack Fork, Idaho
12 Machi 2022

Dada Ardith,

Habari za huko? Hapa theluji inayeyuka na matope yameanza. Mgongo unanikumbusha umri wangu, mengine mema.

Hutaki hoja, lakini hoja ndiyo niliyo nayo. Kitu alicholeta Lyle ni amana. Amana si zawadi wala rehani. Ukiiweka kwa mtu, inabaki yako, na yeye anabaki kuwa mlinzi tu. Unafikiri watu wa bonde hili wanakuja kwangu kwa sababu ninapika vizuri? Wanakuja kwa sababu wanajua watarudishiwa. Miaka ya nyuma mzee Einar, yule wa mizinga ya nyuki, alimzika mkewe akaniletea silaha zake zote. Majira ya joto akazifuata. Yupo hadi leo, anauza asali. Siku nitakapomnyima mmoja, habari itazunguka bonde zima, na atakayefuata hataleta kitu. Atabaki nazo nyumbani kwake, peke yake. Huyo mtu humwoni, dada. Mimi ninamwona. Ana jina, sijui tu lipi.

Ninyi mnaotunga sheria mjini mnadhani uhai wa mtu unalindwa na karatasi. Huku unalindwa na neno la mtu mmoja jikoni kwake. Ukilivunja hilo, hakuna kingine nyuma yake.

Nakuona umeshakunja uso. Usiogope. Lyle anakuja kila Jumamosi kunisaidia kupasua kuni, na anakula.

Mdogo wako,
Hollis

*

Salina, Kansas
30 Machi 2022

Hollis,

Natumaini mgongo umetulia. Nitakuwa mfupi.

Jumapili wiki mbili zilizopita nilimpigia Lyle kama kawaida. Alikuwa mchangamfu. Alinitania kuhusu nywele zangu, akaniuliza kama bado nataka cherehani ya mama, kwa sababu anataka kuituma. Nikamwambia, "Lyle, cherehani hiyo ulinikatalia miaka yote." Akasema, "Sasa haina kazi hapa." Juzi imefika, imefungwa vizuri kwa blanketi. Ndani ya droo ameweka pia saa ya baba.

Nilifanya kazi maktaba maisha yangu yote na nimesoma kila kitu kilichoandikwa juu ya hili. Mtu anayeanza kugawa vitu vyake akiwa na furaha, hiyo furaha si dalili ya kupona.

Huyo mtu wako asiye na jina nimemwelewa. Namhurumia. Lakini Lyle ana jina, na ulimbeba mgongoni mvua iliponyesha tukitoka shule. Nakusihi. Sijawahi kukusihi.

Dada yako

*

Tamarack Fork, Idaho
3 Mei 2022

Dada Ardith,

Salamu nyingi. Samahani kwa ukimya. Mimi ni mzima wa mwili.

Lyle alikuja wiki iliyopita. Hakuvua hata koti.

"Nimefuata vitu vyangu," akasema.

"Kaa kwanza."

"Nikikaa utanihubiria."

"Mimi? Lini uliniona kanisani?"

Akacheka, akakaa. Amenyoa ndevu. Nikamuuliza habari za kazi, akasema kuna mtu wa malori kamwahidi. Nikamwambia zimekaa baridini, nizisafishe kwanza, aje kesho. Akakubali.

Nilikaa nazo mezani mchana mzima na barua yako pembeni. Ndani ya bastola kuna kipini kidogo, chembamba kama msumari wa fremu ya picha. Hicho ndicho kinachogonga risasi. Bila hicho, kila kitu kingine kinacheza kama kawaida, kifyatulio kinavutika, nyundo inaanguka, na hakuna kinachotokea. Nilikitoa kwenye zote mbili, nikazifunga tena, nikazipaka mafuta. Asubuhi alikuja, nikampa sanduku lake mkononi, akanishukuru. Sikumuuliza kitu.

Nimerudisha amana na sijairudisha. Wewe umepata ulichotaka, nami nimetimiza neno langu mbele ya macho ya watu. Tangu siku hiyo chakula hakina ladha. Vipini vimo katika kikombe juu ya rafu na kila nikipita navitazama.

Mdogo wako,
Hollis

*

Salina, Kansas
15 Mei 2022

Mdogo wangu mpendwa,

Uko mzima? Unakula? Nililia kwenye ngazi za posta na mhudumu akaniletea maji.

Umefanya jambo la akili kuliko yote uliyowahi kufanya, na nimekuwa nikikuhesabia kasoro tangu ulipozaliwa. Usijute. Neno lako halijavunjika, limepinda tu, na ndugu yetu yuko salama. Acha bonde zima liseme litakalo. Usiku ule nililala mpaka jua likanikuta kitandani.

Sasa nenda kwake. Usipeleke kuni wala ushauri. Kaa naye, umuulize lile ambalo huko kwenu hamuulizani. Mimi nitakuja Julai, goti likiniruhusu.

Dada yako anayekupenda,
Ardith

*

Tamarack Fork, Idaho
20 Juni 2022

Dada,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa chini.

Sikwenda. Nilipanga kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilipata uzio wa kutengeneza. Ningemtazamaje usoni?

Amekuja yeye. Alhamisi, saa za chakula cha mchana. Aliingia bila kubisha, akaweka bastola moja mezani kando ya sahani yangu.

"Hii haifanyi kazi, Hollis."

"Ulikuwa unapiga nini?" Nilipouliza tu nikajua nimeuliza upumbavu.

"Unajua nilikuwa napiga nini."

Yeye hakuwa na hasira, dada, na afadhali angekuwa nayo. Alitoa kiti akakaa, akazungumza taratibu kama anayenielekeza njia.

"Mwaka huu kila mtu ananishika kama mtoto," akasema. "Corinne, daktari, Ardith na simu zake za Jumapili. Wote wananidanganya kwa upole. Nilikuletea wewe kwa sababu wewe peke yako hukuwa mmoja wao. Februari nililala vizuri, unajua kwa nini? Kwa sababu nilijua zipo kwako, na kwamba nikizitaka utanipa. Hilo lilinitosha nisizitake."

"Lyle, uko hai."

"Ndiyo," akasema. "Na sasa sina mtu wa kumpelekea."

Nikamwambia alale kwangu. Nikamwambia nitakwenda naye hospitali, sasa hivi, na viatu hivi hivi. Akanipigapiga bega kama mimi ndiye mgonjwa. Nilipofika kwake kesho yake mlango ulikuwa umefungwa, gari halipo, na paka kampa jirani.

Nimekwenda polisi kwa naibu wa sherifu. Amesema mtu mzima ana haki ya kusafiri. Basi nikachukua picha ya Lyle nikaanza kuzunguka maduka ya bunduki, niwaombe wasimuuzie. Haugen, ambaye nimenunua kwake nusu ya kabati langu, alinisikiliza huku anafuta kaunta.

"Ana kesi mahakamani?"

"Hana."

"Hakimu amewahi kuamuru alazwe?"

"Hapana."

"Sasa nimnyime kwa sababu gani? Kwa kuwa kaka yake kaleta picha? Mwaka juzi mtu angekuja na picha yako hapa, ungepiga kelele mpaka makao makuu Boise wakusikie."

Hotuba hiyo niliiandika mimi. Lakini Haugen si mtu mbaya, aliibandika picha nyuma ya kaunta. Duka la pili nao waliibandika. La tatu liko kaunti ya kusini, msichana mmoja yuko peke yake. Aliitazama picha kidogo tu.

"Huyu alikuja juzi," akasema. "Mpole huyo. Aliuliza habari za watoto wangu."

Nimemtafuta katika kila kambi ya uvuvi na kila kituo cha malori. Ukimpata kwenye simu usimwambie kitu chochote juu yangu. Mwambie tu aseme yuko wapi.

Hollis

*

2 Julai 2022

Hollis,

Sitakuuliza hali.

Ninakuandikia kutoka mji mmoja mdogo kusini mwa jimbo lenu, anwani iko nyuma ya bahasha. Lyle alikuwa katika moteli hapa kando ya mto. Pale mapokezi waliandika jina langu kama ndugu wa kujulishwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyepigiwa simu. Nimemwona. Ni yeye. Safari hii bastola mpya ililia.

Ningeweza kuendesha gari mpaka kwako. Ni mwendo wa mchana mmoja. Siwezi bado. Naogopa nikikuona nitasema "ni wewe," na wewe utatoa ile barua yangu ya Mei unisomee, na tutakuwa sahihi sote wawili. Ningekuacha umrudishie nzima, labda angezirudisha kwako vuli. Ungemnyima kabisa, labda angekuchukia na kuishi. Nimezungusha hivyo kichwani mpaka maneno yamekuwa kelele tu.

Kuna jambo moja la kukuuliza, na ni lako. Sherifu wa hapa amenieleza kwamba bastola ni mali ya marehemu, kwa hiyo ni mali yetu. Uchunguzi umekwisha. Nikitia saini, wataniwekea kwenye mfuko pamoja na miwani yake na funguo. Nikiikataa, kaunti itaipiga mnada, na mtu ataipeleka nyumbani kwake. Sijawahi kushika hata moja. Niambie nifanye nini nayo.

Dada yako

*

Tamarack Fork, Idaho
6 Julai 2022

Dada Ardith,

Tia saini. Usiiguse. Waambie watoe risasi zote, wavute sehemu ya juu kwa nyuma wakuonyeshe kwamba chumba cha risasi ni kitupu, uangalie kwa macho yako, kisha waifunge kwa waya isiweze kufyatuka. Iache kwenye buti la gari. Nitakuja na mashine ya gesi ya kukatia chuma na nitaikata mbele yako vipande vinne, mahali ambapo hakuna fundi atakayeunganisha. Naondoka kesho alfajiri. Barua hii naituma kwa haraka leo ili ujue niko njiani, kwa sababu nilisimama kwenye simu ya dukani kwa Haugen na vidole havikubonyeza.

Ukitaka kusema "ni wewe," sema. Sitatoa barua yoyote.

Jana amekuja Pruitt, yule anayekaa juu ya kijito, ambaye mwanawe alirudi kutoka vitani na kichwa kisichotulia. Alikuwa na sanduku la silaha. Alikuwa hajasikia chochote. Aliliweka mezani, akasema nimshikie mpaka atakapozitaka. Nikammiminia kahawa. Ningeweza kunyamaza, dada. Nilimweleza nilichomfanyia Lyle, mwanzo mpaka mwisho, na kwamba Lyle amekufa.

Alinisikiliza vizuri. Akaisifu kahawa. Kisha akalichukua sanduku lake, akalibeba kwa mikono miwili, akaenda nalo nyumbani.

Mdogo wako,
Hollis